Ufahamu na Ufupisho: Kupanda na Kuanguka kwa Jina la Datsun

Malengo ya somo

Baada ya kumaliza somo hili, mtahiniwa aweze:
(a) kusoma kifungu chenye majina ya kigeni, miaka na takwimu bila kuchanganyikiwa;
(b) kujibu maswali ya ufahamu kwa kutumia hoja zilizomo kwenye kifungu tu;
(c) kueleza maana ya maneno kama yalivyotumika;
(d) kufupisha aya mbili kwa idadi ya maneno aliyopewa.

1. Kabla hujasoma

Watahiniwa wengi hulidharau swali la ufahamu. Husema, "Hilo ni la bure, majibu yote yako mbele yangu." Ni kweli kwamba majibu yapo. Lakini kila ninaposahihisha mitihani ya majaribio, hapo hapo kwenye alama za bure ndipo ninapoona alama zikimwagika. Kijana anayeandika insha nzuri anakosa alama nne za ufahamu kwa sababu alisoma haraka, akajibu kwa mazoea. Alama nne zinatosha kumshusha daraja.

Kifungu cha leo nimekichagua kwa makusudi. Kinahusu magari, kina majina ya Kijapani, na kina miaka mingi. Vifungu vya namna hii huwatisha watahiniwa. Usitishike. Soma mara ya kwanza ili upate habari kwa ujumla, kisha soma maswali, halafu rudi usome mara ya pili ukipiga mstari kwa penseli chini ya sentensi zenye majibu. Majina ya watu huhitaji kuyakariri. Unachotakiwa kujua ni nani alifanya nini na kwa sababu gani.

2. Kifungu cha habari

Soma kifungu kifuatacho kwa makini kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Mwaka 1911 mhandisi wa Kijapani aliyeitwa Masujiro Hashimoto alianzisha kampuni ndogo ya magari mjini Tokyo. Wakati huo magari yalikuwa machache nchini Japani, na mengi yalitoka Ulaya na Marekani. Hashimoto alisaidiwa kwa fedha na watu watatu: Kenjiro Den, Rokuro Aoyama na Meitaro Takeuchi. Gari lake lilipokamilika mwaka 1914, alilipa jina la DAT kwa kuunganisha herufi za kwanza za majina ya ukoo ya wafadhili hao. Jina hilo lilizaliwa kama shukrani.

(2) Mwaka 1931 lilitengenezwa gari dogo zaidi. Likaitwa Datson, kwa maana ya "mwana wa DAT" katika Kiingereza. Lakini sauti hiyo ya mwisho, kwa Kijapani, inafanana na neno lenye maana ya hasara. Mfanyabiashara gani angependa kuuza gari linaloitwa hasara? Haukupita muda mrefu herufi moja ikabadilishwa, jina likawa Datsun, na sehemu yake ya mwisho sasa ikamaanisha jua, alama iliyo katikati ya bendera ya Japani. Mwishoni mwa mwaka 1933 Yoshisuke Aikawa alianzisha kampuni iliyochukua shughuli hizo, na mwaka 1934 kampuni hiyo ikaitwa Nissan. Tangu hapo Nissan likawa jina la mwenye kiwanda, na Datsun likawa jina la gari.

(3) Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Nissan ilianza kutafuta wateja ng'ambo. Mwaka 1958 magari ya Datsun yalionyeshwa mjini Los Angeles, Marekani. Yalikuwa imara, lakini yalikosa nguvu kwenye barabara kuu za nchi hiyo. Yutaka Katayama, mmoja wa viongozi wa tawi la Marekani lililofunguliwa mwaka 1960, hakukata tamaa. Alisikiliza malalamiko ya wateja na kuyafikisha makao makuu hadi magari yakaboreshwa. Mwaka 1967 ilitoka Datsun 510, na mwaka 1969 likazinduliwa gari la michezo lililojulikana ng'ambo kama Datsun 240Z. Kisha mwaka 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilisababisha bei ya mafuta kupanda karibu mara nne kwa muda wa miezi michache. Wenye magari makubwa walilia. Datsun ndogo, zilizotumia mafuta kidogo, zikawa kimbilio.

(4) Katika Afrika Mashariki, jina la Datsun lilijengwa kwa vumbi na matope. Mbio za magari za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo mvua za masika ziliweza kuzigeuza mito kwa usiku mmoja. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni saba tu yaliyofika mwisho. Katika mashindano hayo magumu, Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun mwaka 1970, wakashinda tena mwaka 1971. Mwaka 1973 ushindi ulikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, naye pia akiendesha Datsun. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 kwa magari ya kampuni hiyo hiyo. Mkulima au mfanyabiashara aliyetaka pikapu hakuhitaji tangazo la redioni. Alijua kwamba gari linalomaliza Safari litafika sokoni na gunia zake za mahindi.

(5) Hata hivyo, mwaka 1981 Nissan ilitangaza uamuzi uliowashangaza wengi: jina la Datsun lingeondolewa hatua kwa hatua, na magari yote yangeitwa Nissan. Viongozi walitaka kampuni ijulikane kwa jina moja duniani kote, kwani wateja wengi wa Marekani waliifahamu Datsun bila kuifahamu Nissan. Lengo halikuwa baya, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Mabango ya wauzaji yalibadilishwa, nembo kwenye magari zikabadilishwa, na matangazo mapya yakalipiwa. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa na inakadiriwa kula mamia ya mamilioni ya dola. Hata baada ya fedha zote hizo, walikuwapo wateja wengi waliolikumbuka jina la Datsun sawasawa na la Nissan. Jina lililong'olewa kwenye mabango halikung'oka vichwani mwa watu.

(6) Mwaka 2012 Nissan, ikiongozwa na Carlos Ghosn, ilitangaza kwamba Datsun ingerudi. Safari hii ilikusudiwa kuwa gari la bei nafuu kwa familia zinazonunua gari kwa mara ya kwanza katika nchi kama India, Indonesia na Urusi. Gari la kwanza, Datsun Go, lilionyeshwa India mwaka 2013. Lakini mwaka 2014 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari, lililigongesha gari hilo kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Halikuwa na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na bodi lake halikustahimili kishindo. Likapata nyota sifuri katika usalama wa watu wazima, na shirika hilo likaitaka Nissan iliondoe sokoni. Mauzo nayo hayakufikia matarajio. Uzalishaji ulisimama Urusi na Indonesia mwaka 2020, kisha India mwaka 2022. Datsun ikafa mara ya pili.

(7) Mara ya kwanza Datsun iliondolewa ikiwa bado inapendwa. Mara ya pili iliondoka kwa sababu wanunuzi hawakuiamini vya kutosha. Kampuni ilidhani kwamba jina la zamani lingeweza kuliuza gari jipya. Ilisahau kwamba jina hilo lilipata thamani kutokana na magari yaliyovuka matope, si kutokana na herufi sita za chuma. Mtaji wa Datsun ulikuwa imani ya watu, na mtaji huo haununuliwi kwa bango.

3. Maswali

(a) Jina DAT lilipatikanaje? (alama 2)
(b) Kwa nini jina Datson lilibadilishwa kuwa Datsun? (alama 2)
(c) Kwa kutumia aya ya 3 na ya 4, eleza sababu mbili zilizofanya magari ya Datsun yapendwe nje ya Japani. (alama 4)
(d) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (i) kimbilio (ii) mfululizo (iii) mtaji. (alama 3)
(e) Mwandishi ana maana gani anaposema kuwa jina la Datsun "lilijengwa kwa vumbi na matope"? (alama 2)
(f) Kati ya methali hizi, ni ipi inayoulenga zaidi uamuzi wa mwaka 1981? Toa sababu. (alama 3)
 A: Haba na haba hujaza kibaba.
 B: Usiache mbachao kwa msala upitao.
 C: Mchagua jembe si mkulima.
(g) Kwa sentensi moja, andika wazo kuu la kifungu hiki. (alama 2)
(h) Fupisha aya ya 5 na ya 6 kwa maneno yasiyozidi 60. (alama 7)

Funga kitabu kwa karatasi kuanzia hapa kwenda chini. Jibu kwanza mwenyewe kwa muda wa dakika 40, kisha linganisha.

4. Majibu na maelezo

(a) Lilipatikana kwa kuunganisha herufi za kwanza za majina ya ukoo ya wafadhili watatu wa Hashimoto, yaani Den, Aoyama na Takeuchi.
Angalizo: Jibu "lilitokana na majina ya watu watatu" lina nusu ya ukweli. Swali lina alama mbili, kwa hiyo lina hoja mbili: herufi za kwanza, na wafadhili. Daima acha alama zikuoneshe idadi ya hoja.

(b) Kwa sababu sehemu ya mwisho ya neno Datson ilifanana na neno la Kijapani lenye maana ya hasara, jambo lisilofaa kwa biashara.
Angalizo: Wapo watakaojibu "kwa sababu Datsun ina maana ya jua". Hayo ni matokeo ya mabadiliko. Swali limeuliza kilichosababisha. Ukiona "kwa nini", tafuta kilichotangulia.

(c) Sababu ya kwanza, magari hayo yalitumia mafuta kidogo, hivyo yaliwafaa watu bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973. Sababu ya pili, yalithibitisha uimara wake kwa kushinda mbio ngumu za Safari, hivyo watu wa Afrika Mashariki wakayaamini.
Angalizo: Unaweza pia kutaja kwamba kampuni ilisikiliza malalamiko ya wateja na kuboresha magari (aya ya 3). Lakini ukitoa hoja zote mbili kutoka aya ya 3, utapoteza alama mbili, maana swali limetaja aya mbili. Usiongeze kwamba "vipuri vilipatikana kwa urahisi" au kwamba "babu yangu alikuwa nayo". Huenda ni kweli, lakini hakimo kwenye kifungu.

(d) (i) Kimbilio: kitu ambacho watu hukitegemea wakiwa katika shida. (ii) Mfululizo: moja baada ya nyingine bila kukatika. (iii) Mtaji: kitu chenye thamani kinachoiwezesha biashara kustawi, hapa ni imani ya wateja.
Angalizo: Neno la tatu ni mtego. Ukiandika "fedha za kuanzishia biashara" umetoa maana ya kamusi, nayo ni sahihi mahali pengine. Rudi aya ya 7 usome sentensi nzima: mtaji unaozungumzwa ni imani ya watu. Maneno "kama yalivyotumika" hayakuwekwa kwa ajili ya kupamba swali.

(e) Ana maana kwamba magari hayo yalipata sifa kwa kustahimili barabara mbaya za mbio za Safari.
Angalizo: Hii ni lugha ya picha. Usieleze vumbi ni nini. Eleza linawakilisha nini.

(f) Methali B. Methali hii inaonya mtu asikitupe kilicho chake kwa kutamani kingine kinachopita. Nissan iliacha jina la Datsun lililokuwa limezoeleka na kuaminiwa, ikatumia fedha nyingi kulitangaza jina ambalo wateja wengi hawakulijua.
Angalizo: Kuchagua herufi B peke yake kuna alama moja. Alama mbili zilizobaki ziko kwenye sababu: maana ya methali, kisha uhusiano wake na kifungu. Wengi huandika maana wakasahau uhusiano. Methali A ingefaa aya ya 1 hadi ya 3, ambako jina lilikua kidogo kidogo. Swali lilitaja mwaka 1981.

(g) Thamani ya jina la biashara hutokana na ubora na imani ya wateja, na jina peke yake haliwezi kuokoa bidhaa dhaifu.
Angalizo: Kichwa cha somo hili kinataja kupanda na kuanguka kwa Datsun. Hiyo ni mada, yaani kile kinachozungumziwa. Wazo kuu ni kile ambacho mwandishi anataka tukiamini kuhusu mada hiyo. Mara nyingi utalikuta katika aya ya mwisho.

5. Kufupisha hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: Orodhesha hoja muhimu kwa maneno machache.
– 1981, Nissan yaamua kuondoa jina la Datsun.
– Sababu: jina moja dunia nzima.
– Gharama kubwa, miaka kadhaa. Jina la zamani lakumbukwa.
– 2012, kutangaza kulirudisha kwa magari nafuu.
– Datsun Go yashindwa jaribio la usalama, mauzo madogo.
– 2022, uzalishaji wakoma.

Hatua ya pili: Ondoa mifano na vielelezo. Mabango, nembo, jina la Ghosn, mwendo wa kilomita 64 na mfuko wa hewa vyote vinatoka. Vilikuwa na kazi katika kifungu, lakini si katika ufupisho.

Hatua ya tatu: Unganisha hoja kwa lugha yako, kwa aya moja.

Mfano wa ufupisho:

Mwaka 1981 Nissan iliamua kuliondoa jina la Datsun ili kampuni ijulikane kwa jina moja duniani. Mabadiliko hayo yalichukua miaka kadhaa na fedha nyingi, lakini wateja hawakulisahau jina la zamani. Mwaka 2012 Nissan ilitangaza kulirudisha kwa magari ya bei nafuu katika nchi chache. Hata hivyo, Datsun Go ilikosa usalama na mauzo hayakufikia lengo, kwa hiyo uzalishaji ulikoma mwaka 2022.

(Maneno 58)

Hatua ya nne: Hesabu maneno na uandike idadi hiyo kwenye mabano. Mwaka kama 1981 huhesabiwa neno moja. Ukizidisha maneno, yale ya ziada hayasomwi, na mara nyingi hoja ya mwisho ndiyo inayoangukia huko. Katika mfano wetu, atakayezidisha atapoteza mwaka 2022, yaani mwisho wa habari yote.

6. Makosa matatu ya kuepuka

Kwanza, kunakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu. Mtahini anataka kuona umeelewa, na mtu aliyeelewa huweza kusema jambo kwa maneno yake.

Pili, kuchanganya wahusika. Katika kifungu hiki wengi watasema kwamba Nissan ndiyo iliyobuni jina la Datsun. Tazama tena aya ya 2: jina la gari lilitangulia, jina la kampuni likafuata. Penye miaka mingi, chora mstari wa wakati pembeni ya karatasi: 1911, 1914, 1931, 1934, 1981, 2012, 2022. Hutatumia zaidi ya dakika moja.

Tatu, kuleta maoni yako. Huenda wewe unaona Nissan ilikuwa sahihi kutaka jina moja. Ni hoja inayotetewa, nayo itafaa sana katika insha ya mdahalo. Kwenye ufahamu, wewe ni shahidi wa yaliyoandikwa.

7. Zoezi la kujipima

(a) Fupisha aya ya 3 na ya 4 kwa maneno yasiyozidi 55.
(b) Eleza tofauti mbili kati ya kuondoka kwa Datsun mara ya kwanza na mara ya pili.
(c) Tunga sentensi mbili kuonesha maana mbili tofauti za neno "mtaji".
(d) "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa kutumia hoja tatu kutoka kwenye kifungu, onesha ukweli wa methali hii.

Fanya zoezi hili bila kuangalia majibu ya juu, kisha mpe mwenzako asahihishe nawe usahihishe la kwake. Utashangaa jinsi kosa lako linavyoonekana wazi likiwa kwenye daftari la mwingine. Ukilijua sasa, siku ya mtihani halitakurudia.